Havana: Gari la Babu Bado Liko Kazini

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, ukuta wa Malecón katika mji wa Havana huwa umelowa. Mawimbi huupiga usiku kucha, na zivumapo pepo za kaskazini maji ya chumvi huruka juu ya ukuta yakatapakaa barabarani. Barabara hiyo, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1901, inafuata pwani kwa kiasi cha kilomita 8. Hapo ndipo mgeni aonapo kwa mara ya kwanza jambo lililoupa mji huo sifa duniani. Gari refu na pana, lenye pua kubwa iliyopambwa vyuma ving'aavyo na mapezi nyuma mfano wa samaki, linakuja likinguruma, limejaa watu waendao kazini. Gari hilo liliundwa Marekani kabla dereva wake hajazaliwa, na yumkini kabla hata baba yake hajaoa.

Kwa wasomaji wa sehemu hizi za Afrika, jina la Kuba si geni. Mwaka 1965 kikundi cha Wakuba kilivuka Ziwa Tanganyika na kuingia mashariki ya Kongo, na kati ya 1975 na 1991 maelfu ya askari wa nchi hiyo walikuwa Angola. Lakini mbali na habari za vita, kisiwa hicho kina habari nyingine ambayo kila mwenye nyumba na watoto anaweza kuielewa. Ni habari ya urithi: jinsi jamaa wa nyumba moja wanavyopokezana chombo kimoja kwa miaka sitini na zaidi, toka babu hadi mjukuu, na kila anayekipokea akajikuta amepokea pia mzigo wa kukitunza.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba magari ya Kimarekani ya zamani yaliyosalia kisiwani yanafikia 60,000. Yako ya Chevrolet, Ford, Buick, Plymouth, Dodge, Pontiac na Cadillac, mengi yao ya miaka ya 1940 na 1950. Wakuba huyaita almendrón, maana yake lozi kubwa, kwa ajili ya umbo lake la mviringo.

JINSI YALIVYOBAKI

Kabla ya mwaka 1959, Kuba ilikuwa soko la jirani kwa viwanda vya Marekani. Kutoka pwani yake ya kaskazini hadi ncha ya Florida ni kiasi cha kilomita 150 tu, na magari mapya yalivuka kwa meli bila taabu. Wenye uwezo walinunua mapya, na yaliyokwisha tumika yakawashukia wenye maduka, walimu na madereva wa teksi.

Mwezi Januari 1959 mapinduzi yalishinda. Mwezi Oktoba 1960 Marekani ilipiga marufuku bidhaa zake kuuzwa Kuba, isipokuwa chakula na dawa, na mwezi Februari 1962 Rais John Kennedy aliipanua marufuku hiyo hata ikahusu karibu biashara yote. Magari yaliyokuwa kisiwani yakabaki mfano wa mifugo iliyotengwa na mto uliofurika. Hapana jingine lililoweza kuvuka kuyafuata, wala kipuri.

Baadaye yaliingia magari kutoka Muungano wa Kisovieti, yaani Lada, Moskvich na Volga, pamoja na Fiat ndogo zilizoundwa Poland. Hayo yaligawiwa na serikali kwa watu waliostahili, kama vile madaktari, wahandisi na wafanyakazi bora, na aliyepewa hakuruhusiwa kuliuza kwa hiari yake. Gari lililokuwa kisiwani kabla ya mapinduzi ndilo peke yake ambalo mwenyewe aliweza kuliuza au kulinunua atakavyo. Sheria hiyo ilidumu hadi mwezi Oktoba 2011.

Hapana budi kulifahamu jambo hili vizuri, kwa kuwa ndilo shina la mambo yote. Kwa muda wa nusu karne gari kuukuu lilikuwa, pamoja na nyumba, mali kubwa ambayo mzazi wa Kikuba aliweza kuwaachia wanawe. Na hata mlango ulipofunguliwa, wachache waliweza kuupita. Mwezi Januari 2014 serikali ilianza kuuza magari kwa kila mtu bila kibali, lakini bei ya Peugeot 206 katika duka la Havana ilikuwa dola 91,000. Waliokwenda kutazama walisoma bei hizo, wakacheka, wakarudi nyumbani kupaka grisi gari la babu.

CHINI YA BONETI

Mgeni mwenye sikio jepesi hukigundua kitu kingine mapema. Sura ni ya Chevrolet ya mwaka 1955, lakini sauti ni ya lori. Boneti ikifunuliwa, siri hutoka nje. Injini iliyomo si ile iliyozaliwa pamoja na gari.

Chevrolet nyingi za miaka hiyo zilikuja na injini ya petroli ya silinda sita, yenye ujazo wa karibu lita 3.9. Ni injini imara, lakini mjini huweza kunywa lita 15 au zaidi kwa kila kilomita 100. Maadamu mafuta ya Kisovieti yalifika kwa wingi, mzigo huo ulibebeka. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mafuta yaliadimika ghafula. Serikali ililazimika kuleta baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China ili watu wafike kazini, na magari mengi yakawekwa juu ya mawe. Katika miaka hiyo ya dhiki mafundi wengi walishika kazi ya kung'oa injini za petroli na kufunga za dizeli, zilizotoka katika malori, matrekta, mashua na magari madogo ya mizigo ya Kijapani.

Kazi hiyo si ya kubabia. Injini ngeni haikubali giaboksi ya zamani, na shimo la boliti halikutani na shimo lenzake. Hapo huitwa mkereza vyuma, ambaye hupima kwa mkono na kuchonga kiungo cha kuzifunga mashine mbili zilizotoka nchi mbili, moja ya Marekani na moja ya Urusi au Japani. Umeme nao una shida yake. Magari ya Chevrolet ya kabla ya 1955 yalitumia betri ya volti 6, wakati betri zipatikanazo leo ni za volti 12. Anayetaka kubadili hana budi kubadili pia balbu, koili na kila chombo kilichoundwa kwa volti 6, ama sivyo vitaungua siku ya kwanza.

Breki ndizo zinazotaka uangalifu kuliko vyote. Mafuta ya breki yalipokosekana, wako waliochanganya spiriti na mafuta ya nyonyo, na wako waliojaribu hata shampuu ya nywele. Mchanganyiko wa spiriti na nyonyo una busara fulani ndani yake, kwa sababu ndivyo mafuta ya breki yalivyotengenezwa hapo kale. Lakini anayetia mafuta ya injini katika breki huua mipira ya ndani. Mipira huvimba, na breki hushika au hukataa kabisa. Kwa hiyo wengi wenye uwezo wameondoa breki za zamani za magurudumu ya mbele, wakafunga za diski kutoka magari ya miaka ya karibuni.

Lakini adui mkubwa si injini wala breki. Ni chumvi. Upepo wa Malecón huileta kila siku, nayo hujificha chini ya mazulia, ndani ya milango na nyuma ya taa. Kutu huanza kama tone la chai, na mwaka wa pili ni tundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wenye magari hayo huutimiza usemi huo kila mara. Hulisuuza gari kwa maji baridi, hupaka mafuta machafu chini ya sakafu, na tundu likionekana hulikata lote hadi kwenye chuma kizima, wakachomelea kipande kilichokatwa katika pipa kuukuu na kunyooshwa kwa nyundo.

Lililoyasaidia magari haya ni namna yalivyoundwa. Bati lake ni nene, na bodi imekaa juu ya fremu yake peke yake, kama kitanda juu ya miguu. Nafasi ya injini ni pana kiasi kwamba fundi huinama ndani pamoja na mabega yake. Hakuna lisiloweza kufunguliwa kwa spana, na lifunguliwalo kwa spana aghalabu huweza kutengenezwa.

GARI LILISHALO NYUMBA

Mchana kutwa magari haya hubeba abiria wa mji. Hupita njia zilizozoeleka, kutoka mitaa ya nje hadi karibu na jumba la Capitolio, yakipakia na kushusha watu kama daladala au matatu za kwetu. Dereva wake huitwa botero. Abiria anayesimama kando ya barabara huonyesha kwa mkono upande anaotaka kwenda, na dereva aendaye huko husimama. Watu huingia, husalimiana, hubanana kwenye kiti kimoja kirefu, na safari huendelea.

Liko neno moja ambalo kila abiria hulisikia akishuka: afunge mlango taratibu. Bawaba za mlango huo hazipatikani dukani. Mlango ukibamizwa mara ishirini kwa siku, mwisho wa mwaka utalegea, na ukilegea utamgharimu mwenyewe kazi ya wiki nzima. Wenyeji hawakasiriki kuambiwa. Wanajua kwamba mlango ule ni sahani ya chakula ya watu fulani.

Na ndivyo ulivyo. Gari haligawanyiki kama shamba. Mzee afarikipo akaacha watoto watatu na gari moja, mmoja huendesha na wengine hungoja fungu lao jioni. Yuko pia mjane asiyejua kushika usukani, ambaye humkabidhi dereva gari la marehemu na kupokea kiasi walichopatana kila siku. Kwake yeye gari hilo ni kiinua mgongo cha mumewe, na likilala gereji, jiko nalo hulala.

Kwa sababu hiyo, dereva mwangalifu hulikagua gari kabla ya kutoka, kama askari akaguavyo silaha kabla ya lindo. Hutazama maji, mafuta, breki na hewa ya magurudumu. Husikiliza. Mtoto wa nyumba, akiwa amesimama kando na taa mkononi, hujifunza sauti ya gari kabla hajafikia umri wa kuliendesha.

ASILI AU RIZIKI?

Kuhusu jinsi ya kuuhifadhi urithi huu, Wakuba wenyewe wamegawanyika pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa wale wanaotaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Havana ina chama cha wapenzi wa magari ya kale kilichojipa jina la marafiki wa Fangio. Juan Manuel Fangio wa Ajentina alikuwa bingwa wa dunia wa mashindano ya magari mara tano, na mwezi Februari 1957 alishinda mashindano yaliyofanyika pale pale Malecón. Aliporudi mwaka uliofuata, jioni ya tarehe 23 Februari 1958, wanamapinduzi walimteka nyara hotelini ili dunia ijue habari za mapambano yao. Mashindano yalifanyika bila yeye. Baadaye walimwachilia bila jeraha, naye akasema kwamba walimtendea vema. Kwa watu wa chama kama hicho, gari la kale ni ushahidi wa historia. Mtu anayeng'oa injini yake ya asili na kutia ya trekta, kwa maoni yao, amechoma kitabu ili apate moto wa kupikia.

Upande wa pili hujibu kwa ufupi: mwenye njaa hapiki kitabu, lakini pia hakisomi. Gari lililowekwa juu ya mawe kungoja pistoni kutoka Marekani huoza pale pale, na baada ya miaka kumi hakuna asili wala riziki. Gari lililotiwa dizeli hutembea, na kwa kuwa linatembea hupakwa rangi, hushonewa viti na kuzibwa matundu. Gari lisilofanya kazi hupakwa rangi na nani?

Iko na njia ya tatu, ambayo utalii umeileta. Karibu na Bustani ya Kati ya mji, mbele ya hoteli, husimama magari yaliyo wazi juu, mekundu, ya samawati na ya waridi, yakingoja wageni wa kutembezwa kwa saa moja. Baadhi yao yaliundwa bila paa la chuma. Mengine yalikuwa na paa, likakatwa kwa msumeno kwa sababu mgeni hulipa zaidi akipigwa na upepo. Hapa pande zote mbili zina haki ya kusikitika kidogo.

Ukiyatazama mambo kwa makini, utaona kwamba mashindano haya hayana mshindi kamili, wala hayahitaji kuwa naye. Yale machache yaliyobaki na asili yake huwafundisha mafundi jinsi chombo kilivyokuwa. Yale mengi yaliyotiwa viungo vigeni huwapa mafundi hao kazi, na bila kazi ufundi hufa. Gari la makumbusho na gari la abiria hutegemeana kuliko wenye magari hayo wanavyokubali.

NANI ATAPOKEA UFUNGUO?

Hatari iliyopo sasa ni ya namna nyingine. Ugonjwa wa Korona ulipofunga milango ya dunia mwaka 2020, watalii walitoweka, na waliorudi baadaye ni wachache kuliko zamani. Kisha mafuta. Tarehe 1 Machi 2024 bei ya petroli ya kawaida ilipandishwa kutoka peso 25 hadi peso 132 kwa lita. Kwa bei hiyo lita 40 zilifika peso 5,280, kiasi kilichopita mshahara wa wastani wa mfanyakazi kwa mwezi. Na mwenye fedha naye alipaswa kungoja kwenye foleni.

Lakini mafuta yaliwahi kuadimika na magari yakaishi. Linalotisha zaidi ni watu kupungua. Mwezi Julai 2024 serikali ya Kuba ilitangaza kwamba wakazi wa nchi walipungua kutoka zaidi ya milioni 11 mwishoni mwa 2021 hadi kama milioni 10 mwishoni mwa 2023, sababu kubwa ikiwa ni uhamaji. Wengi wa walioondoka ni vijana, na wako waliouza nyumba na magari ya wazee ili kupata nauli. Gari lililopita mikononi mwa babu na baba kwa miaka sitini huweza kugeuka tiketi ya ndege kwa mchana mmoja.

Ni vigumu kumlaumu kijana huyo. Urithi uliwekwa ili umsaidie, na kama msaada anaouhitaji ni nauli, babu huenda angekubali. Hata hivyo hesabu ina upande wa pili. Anayelinunua gari hupata chuma, hati na ufunguo. Hapati miaka ile ambayo mtoto alishika taa. Hajui kwamba gia ya pili hutaka kusubiriwa asubuhi, wala kwamba mlio mdogo upande wa kushoto si ubovu bali ni tabia. Mambo hayo hayakuandikwa popote. Yalikaa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo amepanda ndege.

Kwa hiyo swali la Havana si la Havana peke yake. Nyumba ngapi zina cherehani ya bibi, redio ya mzee au baiskeli ya marehemu mjomba, iliyosimama konani kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuitengeneza? Mzazi anayemwachia mwanawe chombo bila kumpa ujuzi wake amemwachia nusu ya urithi, nayo ni ile nusu inayoingia kutu.

Jioni huko Malecón, joto lipunguapo, watu hutoka kukaa juu ya ukuta wakitazama bahari. Magari hurudi kutoka kazini mmoja mmoja. Katika vichochoro vya nyuma, penye mataa hafifu, dereva hulisimamisha gari lake, akalisuuza chumvi ya siku hiyo, akamwita kijana wa nyumba aje kulifunga. Kijana hushika mlango kwa mikono miwili, akausukuma taratibu mpaka usikike umeingia.